Kichwa cha Treni cha Mtumba

Nyumbani, 6 Oktoba

Mdogo wangu,

Kila nikikupigia simu uko na mteja, kwa hiyo naandika. Karatasi haina mteja.

Baba hajambo, kwa kadiri ya hajambo yake. Tangu kile kiharusi anashinda kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba kuna mtu kamwachia amshikie. Mtaalamu wa mazoezi akija humpa mpira wa kuminya. Akigeuka tu, Baba anauangusha kwa makusudi na kuutazama ukibingirika mpaka chini ya kabati, kisha mimi napiga magoti kuutafuta. Kuongea anaweza, daktari kasema ulimi hauna tatizo, ila maneno kayatia kufuli. Asubuhi namnyanyua, namwogesha, namvalisha, nakaa kwenye cherehani, nainuka kumgeuza, narudi kwenye cherehani. Mama angekuwepo tungegawana. Nimechoka, mdogo wangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu naamka nao, tena wenyewe ndio unaonitangulia jikoni.

Nina mambo mawili.

La kwanza. Nilikwenda kwenye mitumba kutafuta mapazia ya kukata, nikaona boksi chini ya meza ya muuza viatu. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea, lakini si vile vya plastiki vya watoto. Hiki ni kizito, kina mikono ya chuma pembeni ya magurudumu na behewa dogo la makaa nyuma, pamoja na reli za kuunganisha na kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha. Nilikinunua bila kufikiri. Mtu kaendesha treni mpaka kustaafu, nikasema labda. Nikakiweka mapajani kwake. Akakishika kwa mkono wa kulia, mdogo wangu. Ule ule mbovu. Akakigeuza, akatazama tumbo lake. Nikaunganisha umeme, kikanguruma, kikasogea kidogo, kikatoa harufu ya kuungua na kusimama. Baba akasema, "Imekufa," akageukia dirisha.

La pili. Yule mwenzangu niliyesomea naye ushonaji amefungua karakana ya sare za shule, na anataka nikasimamie chumba cha kukatia. Nafasi ananishikia mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo wanaanza sare za mwaka mpya na atamweka mwingine. Nataka kwenda. Naandika wazi ili usije ukajitia hamnazo: nataka kwenda. Kumuuguza Baba nimemuuguza, silalamiki, ila sasa ni zamu yako. Saa unaweza kuzitengeneza popote penye meza na dirisha.

Nimekitia kichwa cha treni kwenye basi, konda atakupigia. Wewe ndiye fundi wa vitu vidogo. Kitambue ni cha aina gani, kitengeneze, halafu ukilete mwenyewe pamoja na begi lako la nguo. Baba akiwa na kitufe cha kuzungusha, mkono utaamka. Akiweza kushika kijiko, kazi yako itakuwa nusu ya yangu.

Dada yako


Dukani, 20 Oktoba

Shikamoo Dada,

Mzigo umefika. Samahani kwa kuchelewa.

Fundi hafungui mashine kabla hajajua ni ya nani. Hii imenipa shida. Chini ya tumbo palikuwa na jina la kiwanda lakini mtu kalikwangua. Behewa la makaa si la kwake, maana ndoano ya huku ni ya chuma na ya kule ni ya plastiki. Bodi ni ndefu na nyororo, kama za zile injini za abiria zinazokimbia. Lakini magurudumu ni mengi na mafupi. Hivi viwili havijazaliwa pamoja.

Mafuta yameganda yakawa gundi. Gurudumu moja limelegea kwenye ekseli. Hayo ni madogo.

Niambie, ile namba ubavuni inasomekaje? Na rangi yake ni nyeusi au kijani? Na Baba alisemaje alipoigeuza?

Kuhusu kuja, tutaona. Dukani kuna kazi nyingi. Mwisho wa mwaka kila mtu anakumbuka kwamba saa yake imesimama. Mtafute mtu wa kukusaidia kwanza. Na Baba usimpe mpira, mpe kitu kilichoharibika. Kizima hakijawahi kumpendeza.

Mdogo wako


Nyumbani, 28 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kitu nimekutumia, umekishika mkononi, halafu unaniuliza mimi rangi yake? Ni cheusi. Kina mstari mwekundu. Namba inaanza na nne, mbele yake pamefutika. Sema tu ukweli kwamba umekisukuma chini ya meza hujakitazama.

Na barua yako ndiyo hiyo hiyo. Herufi kubwa kama bango la kinyozi, mistari michache ukurasa umejaa. Wewe uliyekuwa ukiandika herufi ndogo kama sisimizi mpaka mwalimu anaomba miwani! Mtu akikosa la kusema hunyoosha herufi ili karatasi ionekane imeshiba. Mimi si mtoto.

Lakini nitakupa haki yako. Nilimsomea Baba ile barua. Nilipofika "havijazaliwa pamoja" alitoa sauti, nikadhani kapaliwa. Anacheka! Akasema, "Wamemvisha mpagazi koti la bwana harusi."

Nikamwomba arudie, akarudia, akaendelea bila kuombwa. Anasema injini ya mbio ina magurudumu machache marefu kama mtu wa miguu mirefu. Hii ya magurudumu mafupi mengi ni ya mlimani. Haikimbii, inavuta. Aliwahi kuendesha ya namna hiyo alipokuwa kijana, ikibeba mawe na saruji, inapanda taratibu mpaka mtu wa pembeni anaipita kwa miguu, lakini haijawahi kumwangusha. Mtu fulani amechukua bodi ya injini ya abiria akaifunga juu yake ili ipendeze sokoni. "Mwambie hiyo ni ya mlimani," kasema, "na mwambie asiivue koti, ameshalizoea." Aliongea mpaka chai ikapoa.

Nilikwenda jikoni nikalia. Usidhani ni furaha. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akifunguliwa mlango kidogo tu, yote yanamwagika.

Mtu wa kunisaidia nimempata. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mpole. Lakini Baba ni mzito kwa wanawake wawili tunaoumwa viuno. Mwenzangu kanipigia tena, anasema tarehe haisogei. Anahitaji jibu, nami nahitaji jibu lako. Unakuja au huji? Hata neno moja linatosha, tena kwa herufi zako hizo litajaza ukurasa.

Dada yako


Dukani, 9 Novemba

Shikamoo Dada,

Narudisha injini kwa basi lile lile. Baba alikuwa sahihi. Nilipoondoa bodi nilikuta matundu ya skrubu yametobolewa upya. Ni ya mlimani.

Nimeosha gundi yote kwa petroli. Kaboni za mota zilikuwa zimeisha, nimeweka za mota ya redio ya kaseti baada ya kuzisugua zikaenea. Waya uliokatika nimeuunga kwa risasi ya kuyeyusha. Magurudumu ya upande mmoja nimeyachomoa yote na kuyarudisha, na lile lililolegea nimelitia gundi ya chuma. Nimeigeuza mgongo chini nikawasha, mota inaimba. Juu ya reli sikuijaribu, sina reli hapa.

Kuja siji, Dada. Naomba usiniulize sababu. Mchukue yule mama, ongeza na mtu mwingine mwenye nguvu, uende zako. Usinisubiri mimi. Kasirika ukitaka, lakini nenda.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Novemba

Mdogo wangu,

Nilikwenda stendi kupokea mzigo. Niseme ukweli, kwa ujinga wangu nilitazama abiria wote mpaka wa mwisho aliposhuka. Halafu konda akanipa boksi.

Tumepanga reli mezani. Baba kashika kitufe mwenyewe, kwa ule mkono. Nilitaka uone alivyonyanyua kidevu. Akazungusha, injini ikarudi nyuma. Akazungusha kinyume, ikaenda mbele ikichechemea, ikakwama. Ukiisukuma kwa kidole inaondoka, ikimaliza mzunguko inakwama palepale. Nikasema, basi, hata kazi hajafanya. Kakoroga koroga, kafunga, katuma.

Sijui nilikukosea nini. Tulilala chumba kimoja mpaka unaota ndevu. Mama alipokuwa akiumwa tulipokezana bila mtu kutuamuru. Sasa unaniambia "nenda" kama mtu anayemfukuza kuku. Nikienda Baba atabaki na nani, na konda?

Kesho kutwa nampigia mwenzangu kumwambia amweke mwingine. Sikwambii ili uone huruma. Nakwambia ujue tu kwamba ilikuwepo, na ilikuwa nzuri, na nilikuwa naiota.

Baba kadai boksi la bisibisi na kile kioo changu cha kukuzia cha kutungia sindano. Kashinda juu ya hiyo injini tangu asubuhi. Halafu kadai karatasi. Hajashika kalamu tangu aanguke, na hataki nisome. Kaikunja mwenyewe, kaifunga kwa uzi wangu. Imo humu ndani.

Dada yako


Nyumbani, siku hiyo hiyo

Mwanangu,

Naandika kwa mkono mbovu. Mpe mtu akusomee.

Mikono ya kushoto na ya kulia umeiweka sawasawa. Injini haipangwi hivyo. Mkono wa huku ukifika mwisho hauna nguvu, hapo wa kule unatakiwa uwe katikati, usukume. Hupishana robo ya mzunguko. Ukiiweka sawa, inafika mahali yote miwili imelala, na injini inakwama. Hili ulilijua kabla hujang'oa meno ya utoto. Ulikuwa ukinichorea injini na robo ipo.

Nikasema labda amesahau. Nikatazama skrubu kwa kioo cha dada yako. Vichwa vyote vimechubuka. Bisibisi ilikuwa inatafuta mfereji, haiuoni. Hujawahi kuchubua skrubu hata ukiwa mwanafunzi, wewe ndiye uliyekuwa ukinisema mimi. Risasi imedondokea kwenye bodi. Waya mwekundu umekaa pa mweusi. Uliuliza rangi. Dada yako alidhani uvivu.

Mtu anayefanya kazi hii vibaya hasafishi mota hivi. Mota umeiosha hata mahali pasipoonekana. Umeifanya yote kwa vidole.

Tangu lini huoni?

Dada yako sijamwambia. Anadhani humpendi, na kesho kutwa anaivunja safari yake. Nimemwambia asubiri barua moja tu. Mwambie wewe.

Baba


Dukani, 19 Novemba

Shikamoo Dada,

Mwandiko huu ni wa jirani yangu, muuza miwani. Yeye ndiye aliyenisomea barua ya Baba na zako zote, ukiondoa ile ya kwanza niliyoipambania mwenyewe kwa siku nzima. Ameshanijaribishia kila miwani aliyo nayo dukani, hata za urembo. Hakuna kilichosaidia isipokuwa urafiki.

Ni presha ya macho, Dada. Jicho la kushoto limezima. La kulia naona kama kupitia karatasi ya kufungia mkate. Naona kuna mtu, sioni ni nani. Daktari anasema dawa ni za kulinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Saa sijafungua tangu mwanzo wa mwaka. Benchi langu nimemwachia fundi mwingine. Mimi nakaa mbele, nawaambia wateja karibu, fundi anakuja sasa hivi. Kwenye simu nilikuwa nakukatia kwa sababu sauti yangu unaijua. Ungesema "una nini?" na ningekwambia.

Kwa nini nilinyamaza. Nilipopata barua yako ya kwanza nilifurahi kwamba umepata pa kwenda. Kisha nikawaza: nikija hivi nilivyo, utanitazama mara moja tu, kisha utavua viatu. Utasema nitawaachaje hawa, mmoja hashiki, mwingine haoni. Utatuogesha wawili mpaka uzeeke kwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo nikaona bora uniite mbinafsi. Hasira humpandisha mtu basi, huruma humteremsha. Nilitaka ukasirike vya kutosha kuondoka. Kumbe wewe ukikasirika ndipo unapobaki. Nimekuwa mdogo wako miaka yote hii na hilo sikulijua.

Injini niliifanya kwa mikono. Nilitaka iwe nzima angalau hiyo, niwe nimewapa kitu. Nilihesabu kila skrubu kwa ncha ya kidole. Nikasikia mota inaimba nikalala vizuri usiku ule. Kumbe nimeiweka mikono sawa. Uliponiambia imekwama niliumia kuliko daktari aliponipa habari za jicho, maana hapo ndipo nilipojua kweli kwamba ufundi umekwisha.

Sijui nifanye nini, Dada. Hilo ndilo lililobaki. Sijui.

Mdogo wako


Nyumbani, 23 Novemba

Mdogo wangu mjinga,

Marahaba, na umwambie jirani yako muuza miwani kwamba namshukuru na asiruke neno hata moja hapa, hata pa matusi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Wewe umefichuliwa na skrubu. Tangu mwanzo wa mwaka unakaa gizani peke yako, unapika chai kwa kupapasa, halafu unanipangia maisha yangu kwa barua! Nani alikwambia mimi ni wa kupangiwa? Nimekutukana huku nashona nikajidunga sindano. Nikakaa chini nikalia mpaka Baba akaniita nimletee maji, nikapeleka, kumbe hakuwa na kiu. Alitaka tu nitoke jikoni. Akanishika mkono. Vidole vyake vina nguvu sasa, nilisikia.

Ulikuwa sahihi kwa jambo moja na nakiri: ungekuja Oktoba, nikakuona, nisingeondoka. Lakini umekosea hesabu nyingine. Umehesabu mzigo mara mbili. Baba macho anayo, hata tundu la sindano analiona kabla yangu. Shida yake ni kunyanyuka na mikono. Wewe mgongo unao, mikono unayo, shida yako ni macho. Kati yenu wawili napata mtu mmoja mzima na makombo kidogo ya ziada.

Basi sikia. Panda basi siku ya mwisho ya mwezi huu. Mama wa mtaa wa nyuma atakuja asubuhi kupika na kufua, na mtoto wake wa kiume, fundi baiskeli, atakupokea stendi na kuwachungulia jioni. Nyumba ni ile ile, sijahamisha hata stuli. Nimefunga kamba toka kitanda cha Baba mpaka bafuni, ishike kwa mkono wa kushoto. Jiko lina mlango unaofungukia kwako, angalia paji la uso. Dawa zako zitakaa rafu ya chini, za Baba ya juu, zisije zikachanganyika, wewe ukameza za presha ya damu na yeye akajitia matone machoni. Baba akitaka kuinuka, mpe bega lako la kulia, mwache ahesabu yeye. Akihesabu mtu mwingine anakataa.

Mwenzangu nimeshamwambia nakuja.

Sasa la mwisho, nalo ndilo zito. Stendi sitakuwepo. Basi langu linaondoka asubuhi na lako linaingia mchana wa siku hiyo hiyo. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Nikikuona unapapasa ngazi ya basi kwa mguu, nitafungua begi langu na kurudisha nguo kabatini. Najijua. Najua pia kwamba nikirudi likizo, huenda usiweze tena kunitambua kwa uso. Hilo nimelilalia na kuliamkia. Limeniuma, linaniuma sasa hivi ninavyoandika, na bado naenda. Ukiweza nisamehe leo. Usipoweza, nisamehe taratibu.

Dada yako


Nyumbani, 12 Desemba

Shikamoo Dada,

Anayeandika ni Baba kwa mkono wake wa kulia, kwa hiyo usilaumu mwandiko, na usilaumu maneno, maana ananipunguzia. (Anaongea sana. Baba.)

Nilifika salama. Yule fundi baiskeli alinishika kiwiko kama mtu anayesukuma baiskeli yenye pancha, lakini alinifikisha. Mlangoni Baba akasema, "Simama hapo hapo, mbele yako kuna stuli." Hilo ndilo karibu lake. Sikujua kwamba alikuwa amejiburuta kwa ile kamba, na ilipoishia akashika ukuta, mpaka mlangoni. Fundi baiskeli ndiye aliyenitobolea siri.

Tunaendelea. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Nilimnyanyua vibaya tukaanguka wote kitandani, tukalala pale tukitazama dari, yeye analiona, mimi naliamini. Chai nilimwaga. Juzi mama wa mtaa wa nyuma alichelewa, tukapika wenyewe: Baba anasema "chumvi ni ile ya kushoto," mimi natia. Ilikuwa sukari. (Kushoto kwangu. Baba.)

Injini tumeifungua tena. Gundi ya chuma ilikataa kuachia, nikaipasha moto kwa pasi yako ya zamani. Kisha tukaanza kutafuta robo. Mimi nashika gurudumu, Baba anatazama kwa kioo, anasema "kidogo". Sasa Dada, kidogo ya Baba ni ya treni kubwa, kidogo yangu ni ya saa. Yeye akisema kidogo mimi nasogeza unywele, anapiga kelele. Nikisogeza zaidi, anapiga kelele. Tuligombana mpaka majirani wakaja kuuliza kama tuko salama. Mwishoni alinishika kidole changu kwa mkono wake ule, akakisukuma yeye mwenyewe, nikahisi mahali panapotakiwa, nikasema hapa, naye akasema hapo. Skrubu nimezifunga mimi. Baba kaniwekea bisibisi kwenye mfereji, mimi nikazungusha. Hazikuchubuka.

Inatembea. Inapita kila mahali, haikwami. Baba anashika kitufe mimi nasikiliza. Niliweza kusikia zamu ya kila mkono, huu, kisha huu. Anaizungusha asubuhi na jioni, na mpira sijui uko wapi, mtaalamu wa mazoezi kaacha kuuliza.

Barua yako ya mwisho nilisomewa na jirani yangu, na nilipofika hapa nikamwomba Baba anisomee tena. Pale pa uso. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamwomba ruhusa, nikampapasa. Paji la uso. Pua. Mfupa wa shavu. Watu wote walikuwa wakisema wewe na Baba mmefanana, nami nilikuwa nikibisha. Ni wewe kabisa, ukiondoa ndevu. Kwa hiyo njoo ukitaka kuja, nitakutambua. Na nimekusamehe siku ile ile, wala sikuhitaji taratibu.

Mdogo wako

Binti yangu, hapa ni mimi mwenyewe, yeye kaenda kuteka maji. Kipande cha mwisho alilia akisema. Mimi pia. Mwenzako wa karakana kapiga simu kwa jirani, anasema unafanya kazi vizuri lakini unaamka alfajiri na kukaa kitandani umevaa viatu, unasubiri kuitwa. Hakuna anayekuita. Tumeshaamka, tumeshaoga, chai tumekunywa. Vua viatu ulale.

Baba